Asubuhi Niliyozuia Keji

Siku yangu ya kwanza kazini mlinzi wa geti aliniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia sikumletea mtu chakula, nimekuja kuanza kazi. Alicheka mpaka akaegemea geti, kisha akanipisha. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mjane, nimetoka Maganzo na begi moja begani. Mwanangu Masele nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu. Mgodi wenyewe uko mbele ya Runzewe. Ulikuwa mgodi wa dhahabu wa kati, si duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo la kushuka kwa kamba ya katani, wala si ile migodi mikubwa yenye malori ambayo matairi yake yanapita urefu wa mtu. Jina lake silitaji, maana bado kuna watu wanakula pale.

Walinianzisha chumba cha taa. Kila anayeshuka shimoni huvaa taa kichwani na betri yake kiunoni. Akitoka anairudisha, tunaiweka kwenye chaji, na kibati chenye namba yake tunakitundika kwenye msumari. Vijana mnaiona kazi ndogo. Kibati kimoja kikikosekana mwisho wa zamu, maana yake kuna mtu bado yuko chini ya ardhi. Nilijifunza kuviogopa vile vibati kabla sijajifunza kitu kingine chochote pale mgodini.

Aliyenitoa huko ni Fundi Mkuu, mtu wa Shinyanga mjini, mswalihina, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia ni lazima unyamaze. Alikuwa akipita chumba cha taa kila siku, na baada ya miaka mitatu alisema, "Wewe mama huna papara. Njoo nikufundishe winchi." Wanaume waliokuwa wakiitaka nafasi ile walinuna wiki nzima. Mimi nilifurahi, kisha nilipoiona mashine yenyewe nikatamani kurudi kwenye taa zangu.

Winchi ni mashine ya umeme yenye ngoma kubwa ya chuma. Kwenye ngoma umeviringishwa waya, na mwisho wa waya inaning'inia keji, yaani kizimba cha chuma cha kubebea watu na mawe. Shafti ni lile shimo la wima ambamo keji hupanda na kushuka. Anayeiendesha haoni watu. Amekaa chumbani kwake na breki mkononi, anasikia kengele tu: moja, simama; mbili, shusha; tatu, kuna watu ndani, nenda taratibu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikisikia kengele tatu, mate yananikauka. Ukikosea kwenye jiko unaunguza ugali. Ukikosea pale unaacha wajane.

Kuna jambo Fundi Mkuu alinisisitizia kuliko yote. Waya haukusokotwa kwa chuma kimoja, umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na huanza kufa uzi mmoja mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, keji tupu huteremshwa polepole na mwenzako anaushika waya kwa tambara la pamba, waya ukipita ndani ya kiganja chake. Waya mzima unateleza. Penye uzi uliokatika, tambara linanasa na kuchanika. "Tambara halina upendeleo," aliniambia. "Likinasa, simamisha, hata kama kwenye keji yumo Meneja."

Baada ya mwaka akaletwa mwanamke mwingine, Holo, binti wa Nkome aliyeolewa na mchimbaji wetu mmoja, Jilala. Mwanaume pekee aliyebaki kwenye winchi alikuwa Luhende, fundi mzuri, mpole, mwenye kupenda amani hata pasipostahili amani. Tulikuwa watatu tunapokezana, na kwa muda kazi ilikwenda vizuri. Ningekuwa nimestaafia pale pale, kama mambo yangeendelea hivyo.

Kisha akaja Mkuu wa Zamu mpya. Mkuu wa Zamu ndiye anayeamuru nani ashuke, aende wapi, saa ngapi. Huyu alikuwa mtu wa kwetu kabisa, msafi, hanywi pombe, kanisani anakaa benchi la mbele. Alikulia kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, na huko wanaamini kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake akasogelea shimo, dhahabu inakimbia na mwamba unafunga. Sote tumekua tukisikia maneno hayo. Lakini yeye aliyasikia, kisha akapewa cheo.

Asubuhi yake ya kwanza alisimama mlangoni mwa chumba cha winchi, wanaume wa zamu nzima wakiwa nyuma yake, akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Masele."

"Mwangaluka, Mkuu."

"Wewe na Holo nisikilizeni. Winchi hii inabeba watu wangu na dhahabu ya tajiri. Kila asubuhi nitawauliza mbele ya wanaoshuka kama mko salama. Mnajua ninachouliza. Ambaye yuko kwenye siku zake anafagia uwanja, na siku hiyo haihesabiwi kazi."

Wanaume wengine walicheka, wengine wakatazama chini, na hao waliotazama chini ndio walioniumiza zaidi. Luhende hakuulizwa swali lolote siku ile wala siku nyingine. Kuna asubuhi alifika ananuka gongo mpaka mlangoni, Mkuu wa Zamu akamwambia akanywe maji baridi, akae.

Holo alikuwa mkweli. Mwezi wa kwanza alijibu kweli, akafagia uwanja siku tano huku wanaume wakipita na kumuuliza kama dhahabu imerudi. Nilipoona hivyo nikaamua kudanganya. Kila mwezi, kwa zaidi ya miaka mitatu, nilisimama mbele ya watu wale nikasema niko salama. Na niwaambie ukweli wangu wote: niliogopa kugunduliwa, lakini pia niliogopa kwamba huenda wanachosema ni kweli. Siku hizo nilikuwa nikisikia kengele tatu, nashika breki kwa mikono miwili na kumwomba Mungu asiwaadhibu watu kwa ajili yangu. Nilisomeshwa winchi na Fundi Mkuu, lakini nililelewa na mama yangu, na yale ya mama hayatoki upesi.

Nilikwenda kwa Meneja mara moja. Alinisikiliza akiwa anafungua barua zake. "Mama, hayo ni mambo ya mila zenu," akasema. "Mimi natoka mbali, nikiyaingilia nitaharibu." Nikamshukuru, nikatoka. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Masika ya mwaka wake wa nne pale yalikuwa mabaya. Maji yalichuruzika kwenye shafti usiku na mchana, yakiulowesha waya, na grisi ya kuupaka ilikuwa imekwisha stoo kwa wiki kadhaa. Fundi Mkuu alikuwa amekwenda Mwanza kuitafuta. Asubuhi hiyo niliendesha mimi, Luhende ameshika tambara. Keji tupu ilipofika chini kidogo ya katikati nikasikia anapiga kelele nisimame. Nikafunga breki, nikatoka. Tambara lilikuwa limenasa, limechanika vipande viwili.

Tulisafisha pale mahali kwa mafuta ya taa, tukahesabu pamoja, yeye akigusa kwa kidole na mimi nikitaja. Nyuzi kumi na moja zilikuwa zimekatika, sehemu moja, na chini yake kulikuwa na kutu nyekundu inayomeguka. Luhende alinitazama, akatikisa kichwa. "Huu haubebi mtu," akasema. Maneno hayo aliyasema yeye, si mimi.

Mkuu wa Zamu alifika na watu saba. Siku hiyo tajiri, mwenye mgodi, alikuwa anatarajiwa mchana, na levo ya nne, ngazi ya nne kule chini, palikuwa pameonekana mwamba mzuri. Mkuu wa Zamu mwenyewe alikuwa anashuka nao, amevaa buti mpya. Nikamweleza.

"Nani ameona?" akauliza.

"Mimi na Luhende, Mkuu. Nyuzi kumi na moja."

Akamgeukia Luhende. Alimtazama tu. Luhende akaanza kuikunja ile nusu ya tambara, akaikunja mpaka ikawa ndogo.

"Mimi sikuangalia vizuri, Mkuu," akasema.

Mwezi mmoja kabla, Luhende huyo huyo alisema anasikia breki inalia, na winchi ilisimamishwa mpaka saa sita mchana bila mtu kuuliza nani mwingine amesikia.

"Mkuu, nakuomba, njoo ushike mwenyewe kwa mkono," nikamwambia.

"Mama Masele, miaka ishirini nimeshuka mashimoni kabla hujajua winchi ni nini. Wanawake mnaogopa kamba mkidhani nyoka. Kama mkono wako unatetemeka, toka hapo, Luhende atashusha."

Nilimpigia Fundi Mkuu simu, haikupatikana. Wanaume walianza kuingia kwenye keji. Jilala, mume wa Holo, aliingia wa pili, akanipungia mkono kama alivyozoea. Luhende akakaa kwenye kiti changu, hanitazami. Nilifikiri kuulalia mlango wa keji, nikajua watanibeba na kuniweka pembeni. Nilifikiri kupiga kelele, nikajua watasema nimepagawa. Walishaingia saba. Mkuu wa Zamu akaweka mguu mmoja ndani, kisha, kwa mazoea tu, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa hajauliza, akageuka.

"Haya, na wewe uko salama?"

Nilikuwa salama. Siku zangu zilikuwa zimekwisha tangu wiki iliyopita. Ni mara ngapi nilikuwa nimemjibu ndiyo wakati jibu ni hapana!

"Hapana, Mkuu," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Siko salama tangu jana. Na huu waya nimeushika kwa mikono yangu yote miwili."

Sijawahi kuona keji inamwaga watu upesi namna ile. Jilala alitoka ameacha kofia yake ndani. Mmoja alitema mate chini, mwingine akaanza kujipangusa mikono kwenye suruali. Mkuu wa Zamu akarudisha mguu wake nje polepole, na uso wake ukabadilika rangi. Angeweza kuwaamuru washuke? Kwa kinywa gani? Mwenyewe ndiye aliyewafundisha kila asubuhi kwa zaidi ya miaka mitatu kwamba jambo hilo linaua.

Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Unajua ulichokisema?" aliuliza taratibu. Hakufoka, na ndiyo maana niliogopa. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye mafuta.

Nilitolewa mgodini siku ile, nikaambiwa nisubiri kuitwa. Siku tatu nilizokaa chumbani kwangu ni ndefu kuliko miaka yote niliyofanya kazi. Jirani yangu, mama tuliyekuwa tukiazimana chumvi, aliacha kuniamkia. Watoto walikuwa wakipita mlangoni wanakimbia. Nyinyi mliokulia huku mnajua mwanamke akishasemwa kuwa ameharibu kitu kwa mikono yake inavyokuwa, na yanayomfuata. Nilikuwa nikisikia hatua za mtu nje, nazima redio.

Siku ya nne waliniita nikashuhudie shafti ikisafishwa. Mkuu wa Zamu alikuwa ameleta mganga kutoka mbali, naye alikuwa amezunguka mdomo wa shafti na dawa zake tangu alfajiri. Hakuna aliyekuwa ameugusa waya, maana waliambiwa wasiuguse. Mwisho mganga akasema safari ya kwanza ibebe mawe matupu, watu wasubiri ya pili. Huyo mzee simjui jina, na elimu yake siitetei, lakini hadi leo nikisali namtaja.

Walijaza mawe, Luhende akashusha. Nilikuwa nimesimama mbali, nimeshikwa mkono na mlinzi. Nikasikia mlio mmoja mkali, kisha waya ukarudi juu ukichapa paa la mabati, na baada ya kimya kirefu tukasikia keji inafika chini. Vumbi lilipanda likatoka mdomoni mwa shafti. Hakuna aliyeumia. Wanaume wanane walikuwa wamesimama pale wakitazama shimo ambalo lingewameza. Nikadhani sasa wameelewa, na nikawa nataka kulia kwa furaha.

Mkuu wa Zamu akageuka, akaninyooshea kidole.

"Mmeona?" akawaambia. "Mmeona alivyoufanya waya?"

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Niliona nyuso zikinigeukia moja baada ya nyingine, na Jilala akiwa miongoni mwao. Mtu mmoja aliinama akaokota jiwe. Fundi Mkuu alikuwa ndiyo kwanza amewasili kutoka Mwanza, hata injini hajazima. Alinivuta akanisukuma ndani ya pikapu, tukaondoka mlango ukiwa haujafungwa. Nilijikojolea njiani na hakuniambia kitu.

Baadaye alichukua kile kipande cha waya akakikata. Kutu ilikuwa imefika mpaka kwenye moyo wa waya. Aliandika ripoti, Meneja akaiweka kwenye droo, na nadhani imo humo mpaka sasa. Fundi Mkuu alikwisha kufa, Mungu amrehemu. Alinipigania nisifukuzwe, nikarudishwa chumba cha taa cha shimo la tatu, upande wa karasha, mashine ya kusaga mawe, na nikakaa huko miaka kumi na miwili mpaka nilipostaafu. Nilivihesabu vibati, nikanyamaza. Mkuu wa Zamu alipandishwa cheo akahamia kwingine.

Holo alifukuzwa siku ile ile waya ulipokatika. Ilitoka amri kwamba mwanamke hatashika tena winchi pale, na haikuwa na haja ya maelezo, kila mtu alikuwa ameona. Jilala naye hakuvumilia kejeli, wakarudi Nkome. Sikwenda kuwaaga. Ningesema nini?

Mwaka huu, miezi michache baada ya mimi kustaafu, Holo alikuja nyumbani kwangu Runzewe. Anauza dagaa sasa, mikono yake imekakamaa kwa kuanika. Zamani alikuwa hanipiti bila shikamoo dada. Siku hiyo hakuniamkia.

"Binti yangu ameomba kazi ya winchi pale pale," akasema akiwa bado amesimama. "Ana cheti cha ufundi. Wamemwambia wanawake hawachukuliwi, kwa sababu kuna mmoja aliwahi kuozesha waya. Wamemsimulia habari yako, dada. Wanawasimulia wote wanaoomba."

Nikamketisha, nikamwambia yote niliyowaeleza hapa. Alisikiliza bila kunikatisha.

"Kwa hiyo mume wangu ulimtoa kwenye keji," akasema, "na mimi ukanitoa kwenye kazi."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii hukuja kuniambia."

"Niliogopa, Holo."

"Basi ogopa tena," akasema, akasimama, "lakini twende."

Mimi sasa ni mwanamke mzima nakaa peke yangu. Masele yuko Mwanza. Macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na mnajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Kwenda kusimama mbele ya wachimbaji kuwakumbusha waya ule halikuwa jambo dogo. Nilikwenda. Njia nzima Holo alinishika mkono, nadhani ili nisigeuke.

Mkuu wa Zamu wa sasa ni Luhende. Amenenepa, ana mvi. Tulimkuta nje ya chumba cha winchi, binti wa Holo amesimama na bahasha yake, vijana wa zamu wakivaa taa. Nikasema mbele yao wote kwamba siku ile nilidanganya, kwamba waya ulioza kwa maji na kukosa grisi, na kwamba mtu aliyeshika tambara ni huyu hapa.

"Mama," Luhende akasema kwa upole, "siku ile ulitamka mwenyewe mbele ya watu. Leo nani atakuamini?"

"Wewe. Tulihesabu wote. Kumi na moja."

Akatazama vijana wake, wakamtazama. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Naikumbuka. Usinifanyie hivi, hawa wakijua niliukana waya watagoma kushuka." Kisha akasema kwa sauti kwamba ombi la binti litaangaliwa, akaingia ndani. Ndipo nilipomhurumia. Hofu ile nimeishi nayo, naijua ilivyo usoni mwa mtu.

Nilitarajia Holo anilaumu tena. Alisema tu, "Iandike, basi. Karatasi haiwezi kunong'onezwa." Binti yake ndiye anayeniandikia haya, mimi natamka. Bado hajaitwa kazini.

Kwa hiyo nyinyi mnaoshuka leo, na mnaowashusha wenzenu, jueni kwamba waya huoza kwa maji. Nilisema uongo asubuhi moja, wanaume wanane wakarudi kwa watoto wao, na wanawake nisiowajua hata majina wakafungiwa mlango. Nikirudishwa pale leo, keji imejaa na hakuna anayenisikiliza, nitasema uongo ule ule. Lakini kesho yake nitasema kweli, na kesho yake hiyo mimi niliichelewesha miaka kumi na miwili.

Luhende, ukisomewa haya, nawe sema. Mimi nimeshasema. Tangu siku niliyosimama mbele ya vijana wako naingia ndani na kufunga mlango jua likiwa bado juu, na binti wa Holo hulala chumba cha pili ili nisiwe peke yangu.